Pembe ya Mwaka wa Kumi na Mbili

Katika mji wa Mabase, ambao haumo katika ramani yoyote ya Japani kwa kuwa ulizuliwa na watunzi, anaishi mvulana wa darasa la sita aitwaye Naota Nandaba, mwenye umri wa miaka 12, ambaye jambo la kwanza analotuarifu kuhusu maskani yake ni kwamba hapo hapatokei ajabu yoyote na kila kitu ni cha kawaida. Haujapita muda mrefu tangu atoe taarifa hiyo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na dunia, mara mwanamke mwenye nywele za rangi ya waridi anatokea kwa kasi juu ya Vespa ya manjano, anamgonga, anamhuisha, kisha anarudi tena mbio ili ampige kichwani kwa gitaa la besi lenye injini ya kuvutwa kwa kamba. Mahali alipopigwa panaota uvimbe, uvimbe unakuwa pembe, na pembe hiyo, ambayo mtoto wa watu anahangaika kuificha chini ya bandeji asionekane na wenzake, mwishowe inafunguka na kumtoa roboti mwenye kichwa cha televisheni.

Huo ndio mlango wa FLCL, ambayo Wajapani huitamka Furi Kuri. Ni kazi fupi kwa kadiri ya kazi za namna yake: sehemu 6 tu, kila moja ikikaribia nusu saa, zilizouzwa Japani moja moja katika kanda na diski kuanzia Aprili 2000 hadi Machi 2001, pasipo kutangulia kuonyeshwa katika vituo vya televisheni. Walioitengeneza ni studio ya Gainax kwa ushirika na Production I.G, mwongozaji ni Kazuya Tsurumaki, mwandishi ni Yōji Enokido, na sura za wahusika zilibuniwa na Yoshiyuki Sadamoto. Aliyetenga jioni moja anaweza kuimaliza yote kabla ya kulala, ila simdhamini usingizi wake.

Ili kuitambua thamani yake yafaa kukumbuka walikotoka walioitunga. Gainax ndiyo iliyotoa, kati ya 1995 na 1996, mfululizo wa Neon Genesis Evangelion, wenye sehemu 26, ambamo mvulana wa miaka 14 anatiwa ndani ya jitu la vita kwa amri ya baba asiyempenda, naye anazama katika simanzi siku hadi siku hata ile simanzi ikaishinda hadithi yenyewe, na hitimisho likawa ni mazungumzo ya nafsi na nafsi. Tsurumaki alikuwa msaidizi wa mwongozaji katika kazi ile, na Sadamoto ndiye aliyezichora sura zake. Basi watu hawa, waliokwisha kuonyesha kwamba wanaujua msiba wa kukua kwa undani unaotisha, waliporudia maudhui yaleyale miaka michache baadaye, walimpunguza mvulana wao umri kwa miaka miwili, wakampunguzia hadithi kwa zaidi ya robo tatu, wakaondoa kilio na kuweka masihara. Wapo wanaodhani kwamba hilo lilikuwa pumziko la mafundi waliochoka. Mimi naona kinyume chake: walikuwa wamegundua kwamba mtu wa miaka 12 haelezeki kwa huzuni, kwa sababu huzuni ndiyo vazi analolivaa mwenyewe ili aonekane mkubwa, na mwenye kutaka kumwona alivyo sharti amvue vazi hilo, nalo halivuki ila kwa kicheko.

Maana Naota hacheki. Mtazame katika sehemu zote sita: nyumba yao ina kelele, mjini kuna kiwanda cha ajabu kilichosimama kilimani, mgeni wa nyumbani ni mwendawazimu, chakula cha usiku ni vita, na watu wote wanaomzunguka wanacheka, wanapayuka, wanaanguka, yeye amekunja uso. Kila linalotokea analipima kwa mizani ya heshima, analiona la kitoto, na analikataa. Anatembea na kigongo cha besiboli cha kaka yake Tasuku, aliyekwenda Marekani kucheza mchezo huo, lakini anaposimama uwanjani na mpira unapomjia hakizungushi. Anaacha mpira upite. Asiyepiga hakosi, na asiyekosa haaibiki. Hiyo ndiyo falsafa yake nzima, na ni falsafa ambayo watu wengi wazima, tena wenye vyeo, wameishi nayo hadi kuzikwa.

Pamoja na kigongo amerithishwa pia upweke wa kaka yake. Msichana wa miaka 17, Mamimi Samejima, aliyempenda Tasuku na kuachwa nyuma kama vile mji wote ulivyoachwa, humngoja Naota kando ya mto baada ya masomo, naye humwita kwa kifupisho cha jina la yule aliyeondoka. Naota anajua kutokana na barua iliyotoka Marekani, yenye picha, kwamba kaka yake amekwisha kupata mwingine huko. Ananyamaza. Kwa nje ananyamaza kwa huruma. Kwa ndani, na hapa ndipo utunzi wa Enokido unapokuwa mkali, ananyamaza kwa sababu akisema ataacha kuwa badala ya kaka, na yeye bado hajawa mtu mwingine yeyote. Mtu aweza kuandika sura nzima ya riwaya juu ya ukimya huo, na FLCL inaupa muda mchache tu kisha inarusha roboti dirishani.

Nimesema habari ya pembe, na sina budi kuirejea, kwa kuwa ndiyo mzaha mkuu wa kazi hii na wakati huohuo ndiyo ukweli wake mkuu. Mwili wa mtu anayebaleghe hufanya mambo yasiyoombwa: hurefusha hiki, huota kile, huvunja sauti mbele ya watu, na mwenyewe hugeuka mlinzi wa siri ambayo kila mtu anaiona. Watunzi waungwana huligusa jambo hili kwa mbali, na watunzi wasio waungwana huligusa kwa namna inayochefua. Tsurumaki alipata njia ya tatu, akalitoa lote na kuliweka juu ya paji la uso, mahali pasipo na soni yoyote, kisha akaliacha likue mpaka likawa kioja cha mashine na moshi. Kijana anayetazama anacheka kwa sababu kitu hicho hakiwezekani, na baada ya kucheka anatambua kwamba anakijua.

Tena paji la uso si mahali pa ovyo katika historia ya Japani. Zamani palikuwa na ibada ya kumvusha mvulana, iliyoitwa genpuku, ambapo kijana wa umri wa miaka kama 11 hadi 16 alivikwa mavazi ya watu wazima, akapewa kofia na jina jipya, na katika zama za Edo akanyolewa nywele za mbele, zile za juu ya paji, ili kila aliyekutana naye njiani ajue bila kuuliza kwamba huyu si mtoto tena. Ibada hiyo ilikwisha. Iliyopo sasa ni sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Januari, inayoandaliwa na serikali za miji kwa vijana waliotimiza miaka yao, na tangu Aprili 2022 sheria inamhesabu mtu kuwa mzima tangu miaka 18. Kwa Naota mwenye miaka 12 hakuna wa kumwita, hakuna wa kumnyoa, hakuna wa kumpa jina. Iwe Enokido alikusudia au hakukusudia, mahali ambapo mababu walipitisha wembe ndipo palipoota pembe.

Msomaji wa pwani yetu, ambaye amesikia habari za jando na unyago hata kama hakupitia, atatafuta mara moja ni nani kungwi katika hadithi hii, na jibu litamtia wasiwasi. Kungwi ni yule mwanamke wa Vespa, Haruko Haruhara, ambaye leo ni muuguzi, kesho ni mtumishi wa nyumbani kwa akina Nandaba, keshokutwa ni mchezaji wa besiboli anayepiga mipira isiyoonekana ilikoangukia, na ambaye kwa kauli yake anatoka katika nyota nyingine. Kungwi wa kweli ametumwa na wazee, anafundisha kilichofundishwa kabla yake, na anawajibika kwa mwari mpaka amrudishe kwa mama yake. Haruko hakutumwa na mtu. Anamsaka haramia wa mbinguni aitwaye Atomsk, mwenye nguvu za kuiba nyota nzima, na kichwa cha Naota anakihitaji kwa sababu ni mojawapo ya vichwa vichache vinavyoweza kuwa njia ya kupitishia vitu kutoka masafa yasiyopimika. Kwa lugha ya wazi, anamtumia. Naye mtoto, aliyekosa wazee wa kumwongoza, anamshukuru anayemtumia kwa kuwa angalau amemtambua. Ninaposikia watu wakimsifu Haruko kuwa ni alama ya uhuru, huwa nawauliza kama wamepata kuishi na mtu wa namna hiyo chumba kimoja.

Ama wazee wenyewe, wapo, na ni fedheha tupu. Baba, Kamon, ni mwandishi aliyejirudisha nyumbani, anayechapisha kijigazeti cha siri za watu na kuzungumza kwa kasi juu ya mambo asiyoulizwa, na furaha yake kwa kuwasili kwa Haruko nyumbani mwake haina haya hata kidogo. Babu, Shigekuni, ana duka la mikate na ndiye mkufunzi wa timu ya besiboli, na hekima yake haizidi ile ya wachezaji wake. Katika sehemu ya nne Naota, aliyeshikwa na wivu ambao hawezi kuutaja, anampiga baba yake kwa kile kigongo, na baba anaonekana kuwa ni mashine iliyowekwa badala yake, ilhali baba halisi yumo kabatini, amekauka, akingoja maji ili arudi kuwa mtu. Ni kichekesho cha kijinga kabisa, nami nacheka kila mara. Lakini mtoto gani wa umri ule hajapata kushuku kwamba baba aliyekaa mezani si baba yule aliyemjua, na kwamba yule wa kweli amefichwa mahali?

Halafu yupo Amarao, afisa wa idara inayosimamia uhamiaji wa viumbe wa nyota mbalimbali, mtu wa suti nyeusi na miwani ya jua, mwenye sauti nzito na siri nyingi, ambaye nyusi zake pana zinazomfanya aonekane shujaa ni vipande vya mwani vilivyobandikwa. Mwani huo huo ambao Wajapani hukausha na kuviringishia wali. Inadokezwa kwamba naye, alipokuwa kijana, alipitiwa na Haruko akaachwa, na kwamba yote aliyoyajenga tangu siku hiyo, cheo, idara, suti na nyusi, ni boma la kuzuia asipitiwe tena. Sijaona katika hadithi nyingi nzito picha ya utu uzima iliyo kali kuliko hii: mtu aliyeumia mara moja akakata shauri la kubandika uso.

Kwa hiyo mambo yamegeuka juu chini. Mtoto anajitia uzee, wazee wanajitia utoto au wanajibandika uzee, na hakuna aliye katika umri wake. Hapo kicheko kinatoka chenyewe, bila mtunzi kukisukuma, kwa sababu kila mtu amevaa nguo isiyo yake.

Sehemu ya tatu ndiyo niipendayo kupita zote, ingawa mashabiki wengi huiona ndogo kwa kuwa vita vyake ni vichache. Ndani yake anakuja mbele Eri Ninamori, kiranja wa darasa na binti wa meya, msichana mwenye adabu zilizonyooka, ambaye baba yake amefumbuliwa na kijigazeti cha Kamon kwamba ana uhusiano na karani wake, na wazazi wako ukingoni mwa kuachana. Shule inaandaa mchezo wa kuigiza wa paka mwenye viatu, ile hekaya iliyotiwa katika kitabu cha Charles Perrault cha 1697, ambayo ndani yake paka mwerevu anamwita bwana wake fukara kwa jina la Markizi wa Carabas mpaka uongo ukawa kweli na fukara akaoa binti wa mfalme. Ninamori ameiba kura za darasa ili yeye awe Markizi na Naota awe paka. Anaposema siri hiyo hasemi kwa majuto. Kwake uongo ukishikiliwa vizuri ni nyumba ya kukaa: akiigiza kwamba hajali, atakuja siku moja kutojali kweli, akiigiza utulivu, wazazi wake watatulia. Naota anachukia maigizo kwa kuwa anajiona mkweli, na hatambui kwamba yeye ndiye mwigizaji mkubwa zaidi darasani. Hadithi haimpi Ninamori adhabu wala tuzo. Inamwambukiza pembe ya Naota kwa muda, inamfanya akasirike kwa sauti kubwa kama mtoto, jambo ambalo alikuwa amejinyima kwa miaka, kisha inamrudisha jukwaani akaigize vizuri. Mtunzi mwingine angalimfundisha kwamba uongo ni mbaya.

Kisha inakuja siku ya kuzungusha kigongo. Kutoka angani inashuka setilaiti iliyogeuzwa bomu, na kwa mantiki ya hadithi hii, ambayo ukiikubali haikuangushi, bomu hilo ni mpira wa besiboli uliorushwa kuelekea mji mzima, na wa kuurudisha ni mmoja tu, yule ambaye hajapata kupiga hata mpira wa mazoezi. Watu wengi wanasimulia tukio hili kana kwamba ni ushindi. Tazama tena. Naota anapiga kwa gitaa badala ya kigongo, na nguvu zake hazitoshi; bila Haruko kuongeza pigo lake mji ungalikwisha. Kwa kipimo cha uwanjani hakufaulu peke yake. Lakini kilichokuwa kikimfunga hakikuwa udhaifu wa mikono. Ilikuwa ni kuogopa kuonekana anataka. Aliyeacha mpira upite aweza kusema baadaye kwamba hakuutaka. Aliyezungusha amekwisha kukiri mbele ya watu wote, na kukiri huko hakufutiki hata akikosa. Ndiyo sababu uso wake wakati ule, uliochorwa kwa mistari iliyovurugika kiasi kwamba unakaribia kutotambulika, ni uso wa kwanza wa kitoto tunaouona kwake tangu hadithi ianze. Amekuwa mtoto, na hapo ndipo alipoanza kukua. Nayasema haya nikijua kwamba yanasikika kama kinyume, walakini sina njia nyingine ya kuyasema.

Kile kiwanda cha kilimani nacho kina maana yake katika jambo hili. Ni mali ya kampuni iitwayo Medical Mechanica, kimejengwa kwa umbo la pasi kubwa ya kunyooshea nguo, na kila siku hutoa mvuke unaoufunika mji. Muda mwingi tunakiona nyuma ya watu bila kuelezwa. Karibu na mwisho tunaambiwa kazi yake, kwamba kimekuja kuinyoosha dunia, kuondoa mikunjo yote, hata ile mikunjo ya ubongo ambayo kwayo watu hufikiri. Fikira za kitoto, atasema mtu, na ni kweli. Ila hebu tafakari ni nani katika mji ule anayetamani kunyooshwa kuliko Naota, mwenye kujitahidi usiku na mchana asiwe na mkunjo wowote wa furaha au hasira utakaomfichua. Adui wa ulimwengu anataka kumfanyia kila mtu yale ambayo mvulana huyu amekuwa akijifanyia kwa hiari. Sehemu ya vita vya anga iliyobaki, ya haramia na mnyororo na nani anamfukuza nani, naipita upesi, maana hadithi yenyewe inaipita upesi na haionekani kuijali.

Ustadi wa mikono uliotumika unastahili neno refu zaidi. Wachoraji wa FLCL hawakutaka kukaa katika namna moja ya kuchora: mara wahusika ni watu wenye vivuli na uzito, mara wamepungua kuwa mistari michache inayorukaruka, na katika sehemu ya kwanza, wakati wa chakula cha usiku nyumbani, picha zinaacha kusonga na kugeuka kurasa za kitabu cha katuni, jicho la mtazamaji likitembezwa juu ya vijisanduku na maneno kwa kasi inayochosha pumzi. Jambo hilo linarudiwa katika sehemu ya mwisho, na wahusika wenyewe wananung'unikia taabu yake, kana kwamba wamewasikia mafundi wakilalamika nyuma ya pazia. Katika sehemu ya tano wanageuka ghafla kuwa vikaragosi vya karatasi kwa kuifanyia dhihaka South Park ya Marekani. Mzee mmoja aliyezoea hadithi zenye mwendo mmoja angaliona haya yote ni utovu wa nidhamu. Kwangu ni uaminifu. Umri ule hauna namna moja ya kuchorwa. Asubuhi mtu ni mzito kama kadhi, adhuhuri ni mchekeshaji, jioni hajui mikono yake aiweke wapi.

Muziki ni wa bendi ya roki iitwayo The Pillows, iliyoanzishwa 1989, na nyimbo nyingi zilikuwa zimekwisha kutolewa katika santuri zao za 1998 na 1999 kabla hazijaingizwa humu. Wimbo wa kufungia uliandikwa kwa ajili ya kazi hii. Kwa desturi muziki wa filamu hutumwa kumwambia mtazamaji ahuzunike hapa na ashangilie pale. Nyimbo hizi hazikutumwa. Zina huzuni yake zenyewe, zinaanza katikati ya zahama kwa ujeuri wa redio iliyofunguliwa na jirani, na kwa kuwa haziyaelezi yanayotokea, zinayapa upana. Vijana wa Marekani walioiona kazi hii kwa mara ya kwanza usiku wa manane mwaka 2003, katika kipindi cha Adult Swim, wengi wao waliijua bendi hiyo kwa njia hii, na ikapata wasikilizaji ng'ambo ambao isingaliwatarajia.

Sitaki kuificha kasoro yake. Kuna mizaha ya aibu inayowahusu watoto ambayo mzazi yeyote mwenye akili ataikunjia uso, nami naikunjia. Na ukaribu wa Mamimi kwa Naota ni jambo la kusikitisha ambalo hadithi inalijua kuwa ni la kusikitisha lakini mara nyingine inachelewa kusema hivyo. Si ya kumwekea mtoto wa miaka 12 na kumwacha nayo. Afadhali aione akiwa na miaka ishirini, akumbuke.

Baadaye ikaongezewa nyingine: Progressive na Alternative mwaka 2018, kisha Grunge na Shoegaze mwaka 2023, zikiwa na vijana wapya na Haruko yuleyule au mfano wake. Zina sehemu nzuri hapa na pale. Ila zinajua mno zinachokitaka, zimesoma yaliyoandikwa juu ya mtangulizi wao, na zinapotoa pembe zinatoa zikijua maana ya pembe. Gainax yenyewe haikudumu sana baada ya hapo, maana mwaka 2024 ilitangaza kufilisika baada ya miaka ya kudhoofika. Tsurumaki na Enokido waliendelea; mwaka 2025 walikutana tena katika hadithi mpya ya Gundam.

Na Naota? Mwishoni nguvu zote za yule haramia zinakuwa mikononi mwake kwa dakika chache, Haruko yuko chini mbele yake, na kila hadithi ya vita tuliyopata kuisoma inatuandaa kwa pigo. Yeye anatupa silaha na kumwambia kwamba anampenda. Ni neno ambalo mtoto yule wa mwanzo asingalilitamka hata kwa kuteswa, na halimletei faida yoyote: haramia anatoroka, Haruko anamfuata, na kabla ya kuondoka anamwambia Naota kwamba bado ni mtoto na hawezi kumchukua. Mamimi naye anauacha mji kwenda kutafuta maisha yake na kamera yake. Mvulana anaanza shule ya kati akiwa na sare mpya, na hakuna mzee anayesimama kumpongeza, kwa kuwa hakuna aliyeona kilichotokea, na waliokiona walikuwa wakikimbia.

Nilipoitazama kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa Naota bila kusita. Sasa umri wangu umekaribia ule wa Kamon kuliko wa mwanawe, na nimeanza kumwelewa baba huyo mropokaji zaidi ya ninavyopenda kukubali. Lakini anayenisumbua kweli ni Amarao. Tangu nimjue siwezi kuketi katika mkutano, anaposimama bwana mmoja mwenye suti na sauti ya chini na kuanza kutueleza jinsi mambo yalivyo, bila macho yangu kupanda polepole hadi kwenye nyusi zake, kutafuta ukingo wa mwani.